Kompyuta Imeamkaje?

Kwa mara ya pili tangu jana, kompyuta ilimwuliza Karani anataka kutumia lugha gani.

Alikuwa amesimama mlangoni, saa mkononi na daftari kwapani, akiisoma ile orodha ya lugha juu mpaka chini kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo. Saa mbili nzima alikuwa amekaa kitini koridoni, nje ya mlango uliofungwa, akingoja mfumo mpya wa kuiendesha kompyuta uingie. Jana pia alingoja bure. Na sasa mashine ilimkodolea macho kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Imeamkaje?" Bibi akauliza kutoka jikoni.

Bibi alikuwa mama yake Karani, mwenye miaka themanini na moja. Miguu ilikuwa imemchoka, lakini masikio yake yalikuwa bado kijana. Tangu kompyuta iwekwe katika chumba cha pembeni aliiulizia hali kila mara, wala hakuwa akifanya mzaha. Kwake yeye, kitu kinachofungiwa mlango huku watu wakinong'ona nje ni mgonjwa tu.

"Bado, mama," Karani akajibu. Akaandika daftarini: Jumatano, saa nne na dakika tano asubuhi, imeshindikana mara ya pili, sababu haijajulikana. Chini yake akapiga mstari kwa rula.

Mtaani kote aliitwa Karani, ingawa alikwisha staafu. Miaka thelathini na mmoja alitunza majalada katika masjala ya serikali, na haikupata kupotea hata karatasi moja mikononi mwake. Hilo angekuambia mwenyewe hata usipomwuliza. Sasa alikuwa na miaka miwili nyumbani, na kazi kubwa aliyokuwa akitumwa ni kwenda dukani kuleta sabuni.

Ndiyo maana kazi ya kompyuta aliidaka kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa na mtihani siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyo alikuwa mhudumu wa wodi: anasukuma vitanda, anabadilisha mashuka, anamwaga yale ambayo wenzake wanaziba pua wasiyanuse. Miaka miwili hii alikuwa amesoma kwa njia ya posta na simu ili awe muuguzi msaidizi. Chuo kikaamua kuwa mtihani wa mwisho utafanyiwa kwenye kompyuta, kila mtu nyumbani kwake, peke yake chumbani, kamera ikimwangalia. Kisha Jumatatu ukaja ujumbe kwamba programu ya mtihani haikubali kompyuta zenye mfumo wa zamani. Wa kwao ulikuwa wa zamani hasa. Na hakukuwa na mwaka mwingine wa kujaribu, maana chuo hakitahini mtu aliyetimiza miaka arobaini na mitano, naye alikuwa anaitimiza mwezi wa tatu. Ama Ijumaa hii, ama aendelee na mashuka mpaka astaafu.

"Baba Watoto, kwa nini tusimpe tu yule fundi wa mtaa wa pili?" mkewe aliuliza siku hiyo ya Jumatatu.

"Wa mtaa wa pili wa nini, na mimi nipo?"

Akalibeba boksi la kompyuta kifuani mpaka kwa shemeji yake, mdogo wake mkewe, ambaye mtaa ulimpa jina la Injinia kwa kuwa aliwahi kuitengeneza redio ya msikiti na ya kanisa katika wiki moja. Kibanda cha Injinia kilikuwa na upana wa kabati, na mbele yake kulikuwa na foleni. Msichana mmoja wa shule alimwonea huruma Karani, akamwambia, "Babu, nikusaidie kubeba?" Foleni ikacheka. Karani alikuwa hajawahi kuitwa babu na mtu asiye mjukuu wake.

Injinia alikuwa na safari ya kufuata bidhaa, harudi mpaka Jumamosi. Akautia mfumo mpya kwenye flashi, akabonyezabonyeza kompyuta ili kila ikiwashwa iitazame flashi kwanza, akamrudishia.

"Shemeji, hii hata mtoto anafanya," alisema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. "Unachomeka, unajibu maswali, unasubiri kama saa mbili. Ila usiichomoe flashi mpaka imalize kabisa. Ukiichomoa katikati umeua."

Karani aliliandika neno hilo daftarini kama lilivyotamkwa, kisha akamwomba Injinia atie sahihi. Foleni ikacheka tena, lakini Injinia alitia sahihi.

*

Jaribio la kwanza, Jumanne, liliharibiwa na Bibi. Angalau hivyo ndivyo Karani alivyohukumu. Mashine ilikuwa imefika asilimia themanini na kitu Bibi alipopita chumbani kutafuta miwani yake, na Karani akatoka kumsaidia kuitafuta. Waliikuta kichwani mwake. Walipomaliza kuchekana na kunywa chai, Karani alirudi akakuta kioo kinauliza lugha.

"Umekanyaga waya, mama."

"Waya uko ukutani. Mimi napita ukutani?"

Karani hakubishana naye. Alikumbuka utaratibu wa masjala: wakati wa kuhesabu majalada mlango ulifungwa kwa ufunguo, na hata mkuu wa idara hakuruhusiwa kuingia mpaka hesabu ikamilike, maana mguu mmoja usio na kazi humo ndani ulitosha kuvuruga kazi ya wiki nzima. Akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, USIINGIE, KAZI INAENDELEA, akatia sahihi na tarehe, akaibandika mlangoni. Sheria ilimhusu kila mtu, pamoja na yeye mwenyewe. Alikuwa mtu wa haki.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi alijibu maswali, akaiona asilimia moja, akatoka kwa kunyata na kuufunga mlango. Saa mbili baadaye akafungua, akaulizwa lugha.

Jumatano mchana aliamua kwamba umeme hautoshi. Akazima friji, akazima feni, akachomoa hata simu ya mkewe iliyokuwa ikichajiwa. Bibi alikaa na kanga begani akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, akisema kuwa tangu azaliwe hajaona mgonjwa anayelaza nyumba nzima. Saa mbili zikapita. Maziwa yakaharibika, na kompyuta ikauliza lugha.

Mkewe alirudi kutoka kazini jioni hiyo. Aliyanusa maziwa, akayamwaga, akachukua daftari lake la masomo na kwenda kusoma uani. Kunyamaza kwake kulimuuma Karani kuliko matusi. Alimpigia Injinia mara sita, na mara zote akajibiwa na yule mwanamke wa mtandao asemaye kwamba namba haipatikani.

Alhamisi asubuhi Bibi ndiye aliyeleta fikra mpya.

"Hebu nieleze," alisema. "Inakuuliza lugha, wewe unajibu nini?"

"Kiswahili, mama. Kipo, huko chini chini kwenye orodha."

"Mara tatu unajibu Kiswahili, na mara tatu inarudi kukuuliza. Mtu akikuuliza jambo lilelile mara tatu, ujue jibu lako halijamridhisha."

Ukitaka kujua Karani alikuwa amefikishwa wapi, basi jua kwamba aliliona neno hilo lina akili. Akapanda juu ya orodha, akachagua lugha ya kwanza kabisa, ambayo hata herufi zake hakuwahi kuziona. Maswali yote yaliyofuata yakaja kwa herufi hizo. Alikuwa amekwisha yakariri mahali pake, akabonyeza kushoto, kulia, chini, kulia, jasho likimtiririka kama anayepita mpakani bila hati. Asilimia moja ikatokea. Akafunga mlango, akakaa.

Saa mbili baadaye alifungua. Orodha ya lugha ilikuwa pale pale. Karani alikaa chini sakafuni, akaegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza hakuandika chochote daftarini.

"Imeamkaje?" Bibi akauliza.

"Niache, mama."

*

Mkewe aliingia saa tisa alasiri, sare ya kazi bado mwilini. Hakuuliza. Aliliokota daftari pale koridoni, akalisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, kama alivyozoea kuona wauguzi wakisoma karatasi za wagonjwa mwanzo wa zamu.

"Kwa hiyo imeshindwa mara nne," alisema.

"Nne."

"Na mara zote nne hakuna aliyeiona ikishindwa."

"Tungeionaje na mlango umefungwa?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Karani alianza kumweleza habari za masjala, za ufunguo na mkuu wa idara. Alieleza vizuri, kwa mpangilio. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa kusikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililokuwa likimtisha Karani siku zote.

"Baba Watoto," alisema, "mgonjwa akitoka kupasuliwa hatumwachi peke yake hata kidogo. Kule ndani anapopasuliwa si pa kutisha sana, madaktari wamemzunguka. Pa kutisha ni anapozinduka. Hapo ndipo anapong'oa mipira, hapo ndipo anapotaka kushuka kitandani. Ukimfungia mlango saa hiyo, utakachokikuta ukifungua usimlaumu mtu." Akafungua mlango, akaipita ile karatasi ya USIINGIE bila kuitazama, akavuta kiti mbele ya kioo. "Njoo unijibie haya maswali. Lugha ni ipi?"

"Kiswahili," Karani alisema, akiwa bado nje ya kizingiti. "Lakini ukiitikisa?"

"Sitaitikisa."

Alimwelekeza maswali akiwa mlangoni palepale, hadi asilimia moja ikatokea. Karani alijaribu kujishughulisha na kona ya karatasi yake iliyoanza kubanduka. Mwishowe yakamtoka.

"Nilitaka niwe mimi niliyekuwekea. Basi. Kila siku wewe unatoka alfajiri, mimi nabaki na kununua sabuni. Nilitaka Ijumaa ukikaa hapo, ukae kwenye kitu nilichokutengenezea mimi."

"Najua."

"Ulijua?"

"Tangu Jumatatu. Ndiyo maana sikwenda kwa fundi wa mtaa wa pili." Hakugeuka, macho yalikuwa kwenye asilimia. "Nikifeli kwa swali nisilolijua nitalia, kisha nitalala. Lakini nikikosa mtihani kwa sababu ya mlango uliofungwa, sijui kama nitakusamehe. Nakwambia kweli."

Aibu ilimpanda Karani mpaka masikioni. Alikuwa amehesabu majaribio, dakika na mistari ya rula, na hakuwa ameuhesabu woga wa mkewe hata mara moja. Akakibeba kiti chake, akavuka kizingiti, akaketi kando yake. Halafu akalichukua daftari la masomo la mkewe na kuanza kumwuliza maswali. Joto la kawaida la mwili ni kiasi gani? Mapigo ya moyo ya mtoto mchanga? Mgonjwa asiyejigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya muda gani? Mkewe alijibu yote bila kuitoa mikono mapajani, na la mwisho alilijibu kabla halijaisha, maana wagonjwa hao alikuwa akiwageuza yeye.

Saa kumi na moja kasorobo mashine ilifika asilimia mia. Kioo kikawa cheusi kidogo, halafu maneno yakatokea ambayo hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa amewahi kuyaona: Mfumo umewekwa. Ondoa flashi. Kompyuta itajiwasha upya baada ya sekunde kumi.

Mkewe akanyoosha mkono.

"Usiguse," Karani akasema.

"Inasema niiondoe."

"Injinia alisema mpaka imalize kabisa. Ametia sahihi."

"Mfumo umewekwa, hiyo siyo kumaliza?"

"Imesema umewekwa. Haijasema kabisa."

Zilikuwa zimebaki sekunde tatu. Mkewe alimtazama usoni, akaichomoa flashi, akaitia mfukoni mwa sare yake. Karani alifumba macho. Mashine ikazima, ikawaka, ikanguruma, na alipofumbua macho hakuona orodha ya lugha. Aliona vidoti vikizunguka na maneno: Karibu, tunakuandalia.

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alitamani asingeelewa. Mashine ilikuwa imefundishwa kuitazama flashi kwanza kila inapoamka. Kila ilipomaliza kazi ilijizima na kujiwasha, ikaikuta flashi ipo palepale, ikadhani inaambiwa ianze upya. Mfumo ulikuwa umeingia salama mara zote nne. Kilichokosekana ni mtu wa kuwa chumbani kwa sekunde kumi.

"Kwa hiyo haikushindwa hata mara moja," alisema polepole.

"Hata mara moja."

"Usimwambie mdogo wako."

Mkewe alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Karani naye, shingo upande mwanzoni, akaanza kucheka. Bibi akapaza sauti kutoka jikoni kwamba kama mgonjwa amepona basi na friji liwashwe, maana yeye hakusomea uuguzi wala hana mtihani. Karani akaenda kuliwasha, akakaa huko kusikiliza lawama zake zote kwa mpangilio. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imetulia na picha ya mlima kiooni, na mkewe alikuwa ameanza kuipakua programu ya mtihani.

*

Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, Karani aliwasha kompyuta ili mkewe akute tayari. Badala ya mlima ilileta kisanduku cheupe cha neno la siri, na juu yake jina. Lilikuwa jina la mkewe, lote: la kwake, la baba yake na la babu yake.

Akalisoma mara mbili. Kazi yake ilikuwa majina. Alikuwa ameandika maelfu ya majina ya watu kwenye migongo ya majalada. Mita ya umeme ya nyumba hii ilikuwa na jina lake yeye. Risiti ya friji, mkataba wa nyumba, fomu za shule za watoto, zote jina lake yeye. Mkewe alikuwa Mama Watoto nyumbani, mke wa Karani mtaani, na kule wodini, kwa alivyosimulia mwenyewe, alikuwa dada wa mashuka. Karani alijaribu kukumbuka ni wapi pengine katika nyumba hii jina lile limeandikwa, akakosa.

"Nani ameandika hivi?" aliuliza mkewe alipoingia.

"Jana ulipokwenda kwenye friji iliuliza hii kompyuta ni ya nani. Nami nikaijibu."

Karani alifungua mdomo. Kompyuta alikuwa ameinunua yeye, risiti anayo, anajua hata ipo kwenye jalada gani. Akamtazama mkewe, kitambaa kichwani, kalamu tatu mkononi ingawa mtihani hauhitaji hata moja. Akaufunga mdomo.

"Kaa," alisema. "Nitaangalia mlango."

Safari hii mlango ulifungwa kwa amri ya chuo. Karani alikaa koridoni. Alimkataza Bibi kukohoa, na Bibi akamwambia kikohozi hakina ratiba. Alitoka nje kumwomba seremala jirani asitishe misumari mpaka saa tano, na seremala, baada ya kusikia sababu, akakaa naye kibarazani kimya kama wako matangani. Karani hakutazama saa. Alikuwa na hofu ya namna ambayo hakuwahi kuijua kule masjala: hofu ya jambo ambalo hawezi kulisaidia kwa utaratibu wowote.

Saa tano na dakika saba mlango ukafunguka. Mkewe alisimama kizingitini, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango.

"Sabini na moja," alisema. "Walitaka sitini."

Bibi aliyekuwa jikoni hakuuliza mara hii. Alipiga kigelegele, na huko nje seremala akagonga ubao kwa nyundo mara tatu. Karani alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa na maneno mengi, na lililotoka lilikuwa lile la mtu aliyezoea karatasi.

"Naomba nione."

Wakaingia. Kompyuta ilikuwa imejifunga yenyewe. Kiooni kulikuwa na jina la mkewe na kile kisanduku cheupe. Karani akaketi, vidole juu ya kibodi, akangoja atajiwe neno la siri. Hakutajiwa. Mkewe alimgusa bega.

"Geuka kwanza."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine?"

Miaka ishirini na minne tangu waoane, hakukuwa na sanduku, barua wala mfuko wa mkewe ambao Karani alipata kukatazwa kuutazama. Alimtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa akitania, ingawa alikuwa akitabasamu. Akainuka, akampisha kiti, akaugeukia ukuta. Nyuma yake alisikia vidole vya mkewe vikibonyeza, herufi moja moja, bila haraka, na machozi yakaanza kumtoka. Akashukuru moyoni kwamba ameambiwa ageuke.